Picha Zisizotaka Kutoka

Lilianza jambo dogo, dogo kiasi kwamba hata aliyefikwa nalo hakuona haja ya kumwambia mtu. Picha ambayo siku zote ilitoka kwenye kompyuta kwa muda wa mtu kupiga chafya mara mbili, Jumatatu hiyo ilichukua dakika nne.

Mhariri wa picha alizihesabu dakika hizo kwa sababu hakuwa na la kufanya. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha studio, chumba chembamba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, meza, kompyuta, na kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilikuwa limegoma kuzunguka. Chumba cha mbele kilikuwa cha mumewe: taa, pazia la kijivu la kupigia picha, kioo cha wateja kujitazama. Mume alipiga, mke alisafisha. Walikuwa wameishi hivyo miaka kumi na moja, na mtaani walijulikana kwa mtoto wao wa pekee: Baba Kidoti, Mama Kidoti. Kidoti mwenyewe alikuwa na miaka minane na alama nyeusi ndogo juu ya mdomo, saizi ya punje ya ufuta, alama pekee ambayo mama yake hakuwahi kuifuta kwenye picha yoyote.

Maana kufuta ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifuta chunusi, makovu, nyaya za umeme, ndoo zilizosahauliwa nyuma ya maharusi. Alifuta pia watu. Wateja walikuja na picha ya familia, wakaweka kidole juu ya uso mmoja, wakasema, "Huyu mtoe." Mwanamume aliyekimbia, dada waliyegombana naye, rafiki aliyegeuka. Yeye hakuuliza. Aliona kwamba kila kidole kinachowekwa juu ya uso wa mtu kimebeba uchungu wake, na haikuwa kazi yake kuupima.

"Daktari anauliza, polisi anauliza," mumewe alizoea kuwatania wateja walioanza kujieleza. "Sisi tunafuta tu. Kaa, unywe maji."

Sasa, programu ya kuhariri haiigusi picha yenyewe. Inaandika pembeni kila unachotaka kifanyike, ongeza mwanga hapa, futa doa pale, kama fundi cherehani anayeandika vipimo vyote kwanza. Ukibonyeza kitufe cha kutoa picha ndipo inapokaa chini, inashona yote kwa mkupuo mmoja, na kukupa picha iliyokamilika ya kupeleka kwa mchapaji. Wakati inashona, mstari wa kijani hujaa polepole kwenye skrini. Kwa picha ya pili ya Jumatatu ile, mstari ulifika nusu ukasimama. Chini yake iliandikwa kwamba imebaki dakika moja. Dakika hiyo moja ilikaa robo saa, na nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni picha mia tisa za wanafunzi wa shule ya msingi.

"Mke wangu," mumewe akaita kutoka mbele, "zile za shule zimefika wapi?"

"Zimebaki mia tisa."

"Unatania."

"Natamani."

Jioni, akikunja nguo, ndipo lilipomjia kwamba mumewe alikuwa amemwita mke wangu. Tangu mtoto azaliwe alikuwa Mama Kidoti asubuhi na jioni, kwa furaha na kwa ugomvi. Akatabasamu peke yake. Labda kuna kitu anataka, akafikiri, na akaendelea kukunja.

Jumanne alifanya kila anachojua mtu wa kazi ile. Alifuta mafaili ya zamani ili diski ipumue. Alimwaga akiba ambayo programu hujiwekea kichinichini. Alipunguza ukubwa wa picha, akazima mambo ya kunoa na kulainisha, akafunga kila kilichokuwa kimefunguka, akazima kompyuta na kuiwasha upya. Mstari wa kijani ulianza kwa mbio kama mtu aliyetubu, ukafika nusu, ukasimama palepale. Alikuwa amechoka, uchovu wa aina ile ambao kulala hakuumalizi, unaokaa kwenye mabega na nyuma ya macho, na alikuwa nao tangu miezi mingi kabla ya Jumatatu.

Feni ya kompyuta ilikuwa na mlio mpya. Ilivuma, ikakata, ikavuma tena, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Na katika zile nafasi za kimya, nyuma ya bega lake la kulia, ubao wa sakafu ulilia kidogo, mlio wa mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine baada ya kusimama sana. Aligeuka. Palikuwa na ukuta. Kulikuwa pia na harufu, si ya kuoza, bali harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, ya vumbi lililolowa na kukauka na kulowa tena.

Mchana Kidoti alirudi kutoka shule, akakaa sakafuni na kuegemea mguu wa meza kama kawaida yake.

"Mama, leo mwalimu hakuniita."

"Kukuita wapi?"

"Kwenye majina. Kawasoma wote, mimi kaniruka. Nikasema mwalimu, na mimi. Akasema haya, kaa. Halafu akaniuliza, wewe ni mgeni?"

"Atakuwa amechoka. Walimu nao wanachoka."

"Na jana vilevile," mtoto akasema, na akafungua daftari.

Jumatano jioni mumewe ndiye aliyepakua chakula, kwa sababu mke alikuwa bado anaupigia magoti mstari wa kijani. Alipotoka akakuta sahani mbili mezani, na mtoto amesimama kando, mikono nyuma, kama anayesubiri kukaribishwa.

"Baba Kidoti, binti yako unamlisha hewa?"

Mumewe akaitazama meza, akamtazama mtoto. "Aa, kweli," akasema, na akaenda kuleta sahani ya tatu. Akamwekea mtoto chakula kwa adabu, akamuuliza kama kinatosha. Ile adabu ndiyo iliyomkosesha mama usingizi. Ilikuwa adabu anayofanyiwa mtoto wa jirani aliyechelewa kurudi kwao.

*

Alhamisi akaja fundi wa kompyuta, mtu mkubwa mwenye mikono laini, ambaye aliongea na mashine kuliko wenye mashine.

"Haya, bibie," akaiambia kompyuta, "unaumwa wapi?"

Aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga. Akapima diski, akapima kumbukumbu. Mwisho akachukua picha moja mbichi, isiyohaririwa, kutoka kwenye simu yake, ya gari lake, akaiingiza na kuitoa. Ilitoka kabla hajamaliza kuegemea kiti.

"Dada, mashine yako nzima. Wagonjwa ni picha zako." Akafungua moja ya zile za shule na kuisogeza karibu. "Hiki kiduara cha kufutia hapa juu, upande wa kulia, umefuta nini?"

"Sijafuta kitu. Ni ukuta wa darasa."

Akafungua nyingine. Kiduara palepale. Nyingine. Palepale. Akafungua picha ya viatu vya dukani, picha ya mazishi, picha ya timu ya mpira. "Palepale, palepale, palepale. Ndiyo maana inakufa. Kila picha unaiambia ifute mtu, hata pasipo na mtu. Picha elfu nne hizi, dada. Ulikuwa umelala?"

Alikuwa karibu amelala, na sasa alikumbuka. Ilikuwa Ijumaa iliyopita. Muuza vioo wa mtaa wa pili alikuwa ameletewa picha ya familia yake, iliyopigwa nyumbani kwake, akakaa nayo wiki nzima, na siku hiyo akairudisha. Watu wamekaa kwenye kochi, bibi kizee mwishoni, na nyuma ya bibi, upande wa kulia, amesimama mwanamke mwembamba aliyeweka mkono juu ya bega lake. Muuza vioo aliweka kidole juu ya mwanamke huyo. Huyu mtoe. Mhariri akamtoa, na akamtoa vizuri, akaliziba pengo kwa pazia la dirishani mpaka hata yeye asingejua pa kutafuta. Kisha akaupenda mwanga wa picha ile. Akataka mwanga huohuo kwenye picha za shule, akaiamuru programu inakili kila kitu kutoka kwenye picha ya kwanza kwenda kwenye zile nyingine, na kwa kuwa macho yalikuwa yanafumba, akachagua picha zote za kompyuta badala ya za shule tu, wala hakukumbuka kuiambia programu iache ule ufutaji. Ni kosa la kawaida. Hakuna mhariri ambaye hajalifanya. Unanakili mwanga, na ndani ya mwanga umebeba pengo.

"Zote?" akauliza. "Hata za nyumbani?"

Fundi akafungua folda ya nyumbani.

Ilikuwa picha yao, waliyopiga mbele ya pazia la kijivu mwaka uliopita. Mumewe amesimama kushoto, yeye amekaa katikati, na kulia, juu ya stuli ili naye aonekane mrefu, alikuwa amesimama Kidoti. Sasa kulia palikuwa na pazia tu, limeshuka taratibu bila kunyanzi hata moja, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

"Mmependeza," fundi akasema. "Wawili tu, kama picha ya uchumba."

"Futa hicho kiduara."

"Hata ukiiacha hii moja haina..."

"Kifute, nakuomba."

Fundi akabonyeza. Kiduara kikaondoka. Wakaitazama picha, na feni ikaanza kupanda ngazi zake, na kabla pazia halijabadilika hata uzi mmoja, kiduara kikarudi. Akakifuta tena, kikarudi. Mara ya tatu akawa ameshika mkononi ile kalamu ya kompyuta ya kuhariria na hajagusa kitu, na kile kiduara kikasogea chenyewe, kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti.

Fundi akarudisha kiti nyuma. "Dada," akanong'ona, "hiyo harufu unaisikia?"

"Tangu juzi."

"Basi mimi si mtu wako." Akakusanya vifaa vyake kwa haraka, akiangalia kona ya kulia ya chumba na kujizuia asiiangalie tena. "Natania na mashine tu mimi. Na mashine tu."

*

Jioni hiyo alimkalisha mumewe kwenye benchi la wateja akamweleza yote, kwa sauti ya chini, akimshika mkono. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukata watu kauli.

"Mke wangu," akasema polepole, "umechoka. Ni mimi wa kulaumiwa, nimekuachia kazi zote. Lakini hili tulishaliongea, mimi na wewe. Tulisema kama hatukujaliwa mtoto, basi tutaishi hivihivi, na tumeishi vizuri. Miaka kumi na moja. Sijawahi kukulaumu hata siku moja, nimewahi?"

"Baba Kidoti."

"Nani?"

Na wakati wote huo mtoto alikuwa amesimama mlangoni, katika sare yake ya shule, mkoba mgongoni, kiatu kimoja kimefunguka kamba, anamtazama baba yake na kumtazama mama yake, na hakulia, kwa sababu alikuwa amekwisha kulia huko alikotoka, bali alitembea kwa kunyata kama mtu anayepita kwenye nyumba ya watu, akaja akajibana kwenye ubavu wa mama, na mama alipomkumbatia alihisi jambo ambalo hakuweza kulisema kwa mtu yeyote, kwamba mkono wake ulikuwa umechelewa, kwamba kati ya kumwona mtoto na kumjua ni wake palipita nafasi nyembamba, nyembamba kama karatasi, na kwamba jana nafasi hiyo haikuwepo.

"Mama, nikiongea unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mwenzangu wa dawati kaweka begi lake kwenye nafasi yangu. Nikamwambia toa, hakutoa. Hakukataa, mama. Hakunisikia tu."

*

Bibi anayetoa majini, ambaye mhariri alimtumia ujumbe usiku ule, alikuja Ijumaa asubuhi, mfupi, mnene, ana mkoba wa plastiki na pumzi fupi.

"Hii ni nyumba ya pili leo," akasema akiketi kwenye kile kiti kibovu. "Ya kwanza walikuwa panya. Nimewaambia ni panya, wamenuna. Watu wanapenda jini kuliko panya."

Hakuwasha kitu wala kusoma kitu. Alinusa, akatazama picha kwenye skrini kwa muda mrefu, akatazama kona ya kulia na kuitikia kwa kichwa, kama unavyomtambua mtu mnayejuana naye bila kupatana. Kisha akamtazama Kidoti, ambaye siku hiyo hakwenda shule, akamwambia, "Na wewe mjukuu wangu, njoo nikuone." Mama akapumua. Bibi alikuwa mtu wa kwanza, mbali na yeye mwenyewe, kumwita mtoto tangu juzi.

"Hawa wanapenda mahame," bibi akasema. "Nyumba iliyohamwa, chumba kisicholaliwa. Mtu akitoka, wao wanaingia. Na wewe, mwanangu, kazi yako ni kutengeneza mahame."

"Mimi nafuta tu."

"Sikulaumu. Nimesema ndiyo kazi yako."

"Mtoe, bibi."

"Hatoki mpaka aonyeshwe pa kwenda. Hata mpangaji humtupi barabarani ukalala."

"Nimpe ukuta. Nimpe picha ya kiti kitupu."

"Umempa kuta elfu nne. Kachagua nini?" Bibi akapangusa shingo kwa kitambaa. "Anataka mahali pa mtu. Mahali pa mtoto wako umempa wewe, kwa mkono ulioteleza, lakini mkono ni wako. Ndiyo maana mpaka leo unamwona mtoto na baba yake hamwoni. Leo. Kesho sikuahidi. Kabla ya hapa alikuwa wapi?"

Akamweleza juu ya muuza vioo.

"Basi njia ni mbili. Mrudishe kwenye ile picha ulikomtoa, atarudi kulekule. Au mpe mahali pako wewe. Pa mtu mwingine huna ruhusa ya kupatoa."

"Watu hufanyaje?"

"Wengi hurudisha. Wala siwalaumu." Akajiinua kwa kushika meza. "Lakini nenda kwanza ukapaone. Usirudishe kitu mahali usipopajua."

*

Muuza vioo alikuwa akikata kioo cha dirisha. Aliposikia swali aliweka kikatio chini kwa uangalifu mkubwa.

"Yule mwanamke wa kwenye picha ni nani kwenu?" mhariri aliuliza.

"Nilidhani nyie ndio mnamjua." Akatazama nyuma ya duka, ulipo mlango wa kuingia nyumbani kwake, akashusha sauti. "Tulikaa saba, dada. Picha ikaja na wanane."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeuliza ningekwambia. Hukuuliza, nikashukuru." Akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Na kuna mengine hukuyajua. Ile wiki picha imekaa kwetu, tulimsahau mama. Nakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu, ingawa naye anakijua. Si kwamba tulichelewa kumpelekea chakula. Tulifunga mlango wa chumba chake kama stoo. Siku moja na nusu. Mimi, niliyemnyoosha miguu kila asubuhi, nilipita pale mlangoni nikasikia mtu anagonga, nikasema moyoni, majirani wanagonga nini? Ulipomfuta yule, jioni ileile nilishtuka nikiwa naendesha baiskeli. Nikaitupa barabarani nikakimbia."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi kizee akatoka akiegemea ukuta, anaburuta stuli kwa mkono mmoja, akaisukuma mpaka miguuni pa mgeni.

"Mnamwacha mtu amesimama," akamgombeza mwanawe. "Kaa, mwanangu. Umechoka wewe, naona. Una watoto wangapi?"

"Sina," akajibu.

Neno lilitoka lenyewe, laini, bila kugonga popote, na likakaa pale hewani kama ukweli mwingine wowote, na bibi kizee akaanza kusema pole, Mungu ana yake, na yeye akaanza kuitikia, akaitikia mara moja, mara mbili, akatazama vioo vilivyopangwa ukutani na ndani yake akajiona vipande vipande, mwanamke aliyekaa kwenye stuli, na nyuma ya bega la kulia la kila kipande palikuwa na kivuli kimesimama kwa subira, na akajiuliza nimekuja hapa kufanya nini, na jibu likachelewa, likachelewa tena, kama ule mstari wa kijani uliofika nusu, mpaka macho yake yaliposhuka kwenye kiganja chake cha kushoto ambapo asubuhi ile alikuwa ameandika kwa wino neno moja, Kidoti, akalisoma kama mtu anayesoma jina la mtaa asikoishi, na ndipo mtoto aliporudi kichwani mwake kwa mpigo mmoja, uzito wake, joto la shingo yake akilala, ile punje ya ufuta, na akasimama kwa kishindo mpaka stuli ikaanguka.

"Nimesema uongo, mama," akamwambia bibi kizee. "Ninaye. Ninaye mmoja."

"Basi kimbia ukamwangalie," bibi kizee akasema, bila kushangaa. "Mimi najua inavyokuwa. Unagonga, unagonga. Kwanza unakasirika. Mwisho unaanza kuona kwamba pengine kweli hupo."

*

Alirudi jua likielekea kuzama. Kidoti alikuwa amelala kwenye benchi la wateja, na mumewe alikuwa amewasha taa zake na kumpiga mteja picha hatua tatu kutoka hapo, akimkwepa mtoto bila kumwangalia, kama unavyokwepa kiti. Akapita nyuma. Akafunga mlango. Harufu ilikuwa nzito sasa, na feni haikukata tena, ilivuma moja kwa moja.

Akafungua picha mbili, ya muuza vioo na yao, akaziweka sambamba.

Kwenye ile ya kushoto palihitajika bonyezo moja tu. Mwanamke mwembamba angerudi kwenye nafasi yake, na mkono ungetua begani. Hakumchukia yule mwanamke. Hata sasa, akiwa na hofu, hakuweza kumchukia mtu anayetafuta mahali pa kusimama. Wala hakujidanganya kwamba yeye ni mwema kuliko wengi ambao yule mtoa majini alisema hurudisha. Alisogeza mshale mpaka juu ya kitufe. Aliushikilia pale. Alijiambia kwamba bibi kizee amekwisha kuishi, kwamba ana wanawe, kwamba wao ndio walioileta picha. Yote yalikuwa kweli. Kisha akamsikia bibi kizee akigonga mlango ambao mwanawe anaupita, na akajua kwamba ataisikia sauti hiyo kila atakapomlaza mtoto wake, na kwamba mtoto, ambaye sasa anajua kugonga ni nini, naye ataisikia.

Akafunga picha ya kushoto.

Kwenye ile yao, akakishika kile kiduara. Kilikuwa kizito, kalamu ilikwaruza mezani kama inavuta gunia. Ubao nyuma yake ukalia mara moja, karibu sana. "Njoo," akasema kwa sauti ndogo, "huku." Akakivuta kutoka kulia, polepole, mpaka katikati ya picha, akakishusha juu ya uso wake mwenyewe. Pale kulia pazia likakunjamana, likafumuka, na mtoto akatokea juu ya stuli yake, kidevu juu, anajifanya mrefu.

Akabonyeza kutoa.

Mstari wa kijani ulijaa bila kusita. Feni ikanyamaza. Harufu ikaondoka chumbani kama imeitwa na mtu, na dirishani ikaingia hewa ya kawaida, ya vumbi la barabara na sabuni ya jirani. Akaziambia zile picha nyingine zote ziache kufuta, na zikakubali. Kisha akaweka kichwa juu ya meza. Kitu kilishuka kutoka mabegani mwake, kitu alichokibeba miezi na miezi, na kwa pumzi chache alijisikia mwepesi kiasi cha kuogopa.

Mbele, mteja akiwa amekwisha kuondoka, mumewe akapiga ukelele.

"Kidoti! Mwanangu! Mbona umelala na viatu?"

Kikasikika kicheko cha usingizi, kisha kilio, kisha vicheko viwili kwa pamoja, na sauti ya mtu mzima akisema samahani, samahani, sijui hata naomba samahani ya nini. Aliusikiliza ukuta huo wa sauti akiwa ameziba mdomo. Akafungua mlango, akatoka.

Mumewe alikuwa amepiga magoti, anafunga kamba ya kiatu. Akainua macho. Akasimama upesi, akajikung'uta suruali.

"Karibu, mama," akasema kwa upole. "Utusamehe, hatukukusikia ukiingia. Umekuja kwa picha?"

Mumewe akamsogezea kiti, akamgusa mtoto begani.

"Kidoti, adabu iko wapi? Msalimie mgeni."

Mtoto akapangusa machozi kwa mkono wa sare. Akamtazama, moja kwa moja, kwa macho safi ya mtoto aliyefundishwa vizuri, akasogea hatua moja mbele.

"Shikamoo."

Alitaka kuliona vizuri neno hilo likitoka kwenye mdomo ule, chini ya ile alama ndogo nyeusi. Akakaa kwenye kiti alichopewa, maana alikuwa amechoka sana.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ndivyo kila mtu mzima anavyomjibu mtoto wa watu.